Nyundo ya Mabula, Kutoka Mkolani hadi Kampala na Kurudi

Kabla hatujaondoka nilimwahidi Mama Kulwa kwamba nitakaporudi nitamwambia ukweli. Tulikuwa tumesimama uani kwake, Mkolani. Alikuwa ametoka Mwaloni na ndoo ya mapanki, yaani ile mifupa ya sangara ambayo viwanda vya minofu huibakiza na akina mama wa Mwanza huikausha wakaiuza. Mume wake, Mabula, alikuwa ndani akifunga begi. Mama Kulwa alishusha ndoo, akautazama mlango, kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Mwalimu, wewe ndiye unayempima. Kama mume wangu amekwisha, niambie amekwisha. Tutahamia Misungwi kwa kaka yangu, tulime. Nisichotaka ni kuonewa huruma."

Nilimwahidi, na niliahidi kwa urahisi, kwa sababu moyoni nilikuwa nimekwisha kukata shauri. Niliamini kwamba Mabula amekwisha.

Ninaandika haya kwa ajili yenu, walimu wenzangu na rafiki zangu wa chuoni, ambao tangu nirudi mmekuwa mkinisimamisha njiani Kirumba na kuniuliza yaliyotokea, nami nikawajibu kwa hasira isiyo na kichwa wala miguu. Hasira bado ninayo. Safari hii naileta kwa mpangilio, ili muone imetoka wapi.

Mkolani

Wengi wenu mnamfahamu Mabula kwa sura tu, lile jitu la kimya linalofanya mazoezi nyuma ya shule yetu jioni. Alianza maisha ya mjini akiwa mpakiaji wa marobota ya pamba katika kiwanda cha nguo. Ofisa michezo wa kiwanda alimwona siku moja akizungusha robota na kulirusha juu ya lori bila kuinama, akamwachisha upakiaji kwa saa mbili kila siku na kumkabidhi nyundo. Nyundo ya riadha, kwa wasioijua, ni tufe la chuma lililofungwa kwenye waya wenye mkono wa kushikia. Uzito wake kamili kwa wanaume ni kilo saba na robo na ushee kidogo. Mrushaji husimama ndani ya duara, huizungusha, huzunguka nayo mwenyewe mara tatu au nne, kisha huiachia. Kwa nyundo hiyo Mabula amevaa fulana ya taifa mara nne. Amerusha Nairobi, amerusha Harare, na mara moja alipelekwa Ulaya ambako, anavyosimulia yeye, vidole vilikufa ganzi hata hakujua kama ameshaiachia. Alipokuwa kwenye ubora wake alipita meta hamsini na nne.

Kisha kiwanda kikawekwa katika orodha ya kuuzwa. Wafanyakazi walipunguzwa, naye akiwamo, na idara ya michezo ikafungwa. Waliokuja kuhesabu mali waliziandika nyundo mbili za kiwanda katika karatasi ya vitu visivyo vya uzalishaji, wakaziuza pamoja na vyuma vya mitambo mibovu. Wakati huo nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuoni, na insha yangu ya mwisho ilihusu michezo ya kurusha. Niliposikia habari hiyo sikulala vizuri. Nilimtafuta Mabula, nikamwambia kwamba taifa likimtupa, sisi hatutamtupa. Tutatengeneza nyundo yetu wenyewe.

Fundi Masalu wa Buzuruga alitutafutia ganda la chuma la mviringo, akalitoboa, tukaanza kulijaza risasi tuliyoyeyusha kutoka kwenye betri kuukuu za magari. Iliyobaki ilikuwa kuipima. Tuliichukua hadi Mwaloni, kwenye soko la samaki, ambako siku hizo palikuwa na mizani mbili zilizotazamana. Moja ilikuwa ya zamani, ya ushirika, imeshika kutu na inapima kwa mawe. Nyingine ilikuwa ya wakala aliyenunua sangara kwa ajili ya kiwanda kipya cha minofu. Hiyo ilikuwa nyeupe, ina uso wa kioo na mshale mwekundu.

Mzee aliyelinda ile ya ushirika alituita. "Pimeni hapa, vijana wangu. Hii ni mbaya kwa sura tu."

Nilimwamkia shikamoo, nikamshukuru, nikampita. Nawaambieni ukweli: nilimpita kwa dharau. Nilikuwa nimejifunza kuamini kwamba kila kilichokuwa cha zamani kimeoza na kila kilichokuja na wawekezaji kinafanya kazi. Tuliweka nyundo juu ya ile nyeupe. Mshale ulikuwa chini ya alama. Masalu akarudi na kuongeza risasi. Tulipima tena, bado. Mara ya tatu mshale ulisimama pale pale kanuni inapotaka. Wavuvi waliotuzunguka walitazamana, mmoja akasema jambo kwa Kisukuma, wakacheka. Nilidhani wanachekeshwa na chuma chenye mkia kilicholala mahali pa samaki.

Miaka miwili iliyofuata hatukupata nauli ya kwenda mashindano ya taifa, kwa hiyo Mabula alirusha nyundo hiyo na hakurusha nyingine. Umbali ulianza kushuka: hamsini na moja, arobaini na tisa, arobaini na saba. Nilichora jedwali. Nilimbadilishia mwendo wa miguu, nikamkataza kulala mchana, nikamlazimisha kunywa maziwa asubuhi na jioni. Mwishowe nilianza kumwambia, kwa lugha ya upole niliyofundishwa chuoni, kwamba mtu wa miaka thelathini na moja hawezi kuwa kijana siku zote. Aliitikia kwa kichwa. Hakuniuliza swali.

Ndipo ikaja barua ya chama cha riadha. Wenyeji wa Kampala walikuwa wameomba warusha nyundo, na jina lililokuwapo katika faili lilikuwa lake. Barua ilisema kwamba asipofikisha meta hamsini huko, jina hilo litafutwa katika orodha ya taifa.

Bandarini na Melini

Karani wa bandari alituzuia mimi na Mabula kwa muda wa saa tatu. Alisema kile tulichobeba ni kipuri cha mashine, na vipuri vinavyotoka nchini vinahitaji kibali, kwa sababu siku hizi watu wanang'oa vyuma vya viwanda na kuviuza ng'ambo. Nilimweleza kuhusu riadha. Nilimwonyesha barua. Aliisoma mpaka mwisho, akasema barua inataja nyundo, na nyundo anaijua, ina mpini wa mti.

Nilighadhabika. Nilimwambia kwamba walioviuza vyuma vya kiwanda walipita geti hili hili kwa malori, mchana, wakiwa na vibali vyote, na mtu pekee anayezuiwa ni yule aliyeporwa. Alinisikiliza kwa adabu kabisa, kisha akaniomba nikae kwenye benchi.

Aliyetuokoa ni Mabula mwenyewe. Aliwaomba watu wasogee, akashika mkono wa nyundo, akaanza kuizungusha juu ya kichwa chake taratibu, halafu kwa kasi, mpaka waya ukaanza kulia na wabeba mizigo wakakimbilia nyuma ya magunia. Hakuiachia. Aliishusha kama mtu anayelaza mtoto.

"Basi, baba," karani akasema, na alikuwa amesimama juu ya kiti. "Nenda. Nenda nayo."

Katika meli ya kwenda Bukoba tulikaa sitaha ya chini. Tulikula ugali na sato wa kukaanga, Mabula akala sahani mbili na kumalizia yangu. Mfanyabiashara wa dagaa aliyekuwa karibu yetu alitaka kujua Wasukuma wamepatwa na nini hata wasafiri na mawe yao, kwani Bukoba hakuna mawe? Mabula akamjibu kwamba mawe ya Bukoba ni laini, yameharibiwa na ndizi. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitania tangu barua ile ifike.

Bukoba: Siku Mbili za Kungoja Lori

Lori lililokuwa litupeleke mpakani lilikuwa limelala kwenye jeki bila magurudumu ya nyuma. Dereva alituhakikishia kwamba tutaondoka mchana, na hakusema mchana wa siku gani. Mama mmoja aliyekuwa akingoja lori hilo hilo, muuguzi mstaafu ambaye kila mtu alimwita Ma Koku, alitutazama tulivyokaa juu ya mabegi yetu, akasema hawezi kuacha wageni barabarani kama mbuzi wa mnada. Tulilala kwake siku mbili.

Sitausahau ukarimu ule. Tulipoingia alituletea kikapu kidogo chenye buni kavu zilizochemshwa na viungo. Nami, kwa kuwa alikuwa muuguzi na nilikuwa nimemwambia kwamba tumbo limenichafuka melini, nilichukua tatu nikazimeza kwa maji. Ma Koku alinitazama kwa huruma.

"Mwalimu, hizo si vidonge. Hizo tunamtafunisha mgeni ili azungumze. Wewe umezimeza, sasa tutazungumza na nani?"

Alizungumza na Mabula. Alimwuliza mambo ambayo mimi, mwalimu wake, sikuwahi kumwuliza: kama anaumwa, kama mkono unamchosha, kama anaogopa. Mabula akajibu kwamba haumwi popote. Jambo moja tu linamshangaza. Akishika jembe, akishika gunia, mwili ni ule ule wa siku za kiwanda. Akishika nyundo ndipo anakuwa mzee.

Kesho yake, kwa kutafuta la kufanya, tulivuka barabara hadi ghala la kahawa alikofanya kazi kaka yake Ma Koku. Palikuwa na mizani ya mawe, ya zamani kuliko ile ya Mwaloni. Mabula akaomba aipime nyundo yake. Mzee yule alipanga mawe, akaondoa, akaongeza, akasubiri mtambo utulie.

"Kilo nane," alisema. "Na kidogo."

Mabula aliipokea nyundo yake. Alinigeukia na kunitazama, na mtazamo ule ninauona mpaka leo. Nami nilifanya nini? Nilitoa mhadhara. Nilieleza jinsi mawe ya mizani yanavyolika, jinsi vyama vya ushirika vilivyoachwa bila ukaguzi, jinsi ilivyo hatari kulinganisha chombo chakavu na chombo cha kisasa. Nilizungumza mbele ya mzee aliyepima kahawa ya wilaya nzima kwa mawe yale, na hakunikatiza. Alipangusa mawe yake moja moja, akayarudisha kwenye sanduku.

"Wewe ndiye mwalimu," Mabula akasema. Tukatoka.

Mpakani

Hapa Mutukula sitakaa sana, ijapokuwa tulikaa sana. Maofisa watatu waliiweka nyundo juu ya meza na kushindana nani ataiinua kwa kidole kimoja. Mmoja aliniuliza huyu bwana anaitupa umbali gani. Nikasema tunatarajia meta hamsini.

"Kwa mkono au kwa mdomo?"

Wakati wanacheka, basi letu liliondoka. Tulipata gari jingine jioni, tukala njiani, Lukaya, tukiwa dirishani mwa gari, nyama ya kuchoma na ndizi za gonja zilizoletwa kwenye vijiti. Mabula alikula vijiti saba. Nilimkataza cha nane, akakila.

Kampala

Kiongozi wa chama chetu alikuwa amefika kwa ndege siku mbili kabla yetu, pamoja na mtu aliyetambulishwa kama daktari wa timu na ambaye baadaye niligundua ni shemeji yake. Timu yenyewe ilikuwa watu wanne. Alitupokea vizuri, akamshika Mabula bega, akasema, "Tufunge ukurasa huu kwa heshima." Ukurasa wenyewe haukuwa umesomwa bado.

Asubuhi ya mashindano kila mrushaji alipeleka nyundo yake kwa mkaguzi wa vifaa. Alikuwa mzee wa Kiganda, mnyoofu kama bendera, na Kiswahili chake kilikuwa cha jeshini. Aliweka nyundo yetu juu ya mizani, akasoma, akaiondoa, akaweka jiwe lenye mhuri kuona kama mizani iko sawa, akairudisha nyundo.

"Hii nyundo ni mzito," alisema. "Kilo nane na gramu sitini. Sheria nasema isipungue, haikatazi kuzidi. Unaweza tupa. Lakini nani nakupa adhabu hii?"

Nilipiga hesabu pale pale. Gramu mia nane. Kwa mtu wa kawaida ni kama debe la maji kuongezewa vikombe vichache. Kwa mrushaji nyundo, ambaye hushindana kwa upana wa kiganja, ni kama kumfunga mtu jiwe mguuni, kumkimbiza miaka miwili, kisha kumwandikia barua kwamba amezeeka. Nami ndiye niliyefunga jiwe. Nilikuwa nimelisukuma jedwali langu mbele yake kila Ijumaa kama hakimu.

Nilimwambia Mabula hapo hapo, mbele ya mkaguzi, kwamba nimemkosea. Alifikiri kidogo.

"Kwa hiyo Ma Koku alikuwa sahihi," alisema. Hakumtaja kaka wa Ma Koku, wala mizani. Ni Ma Koku pekee aliyemwuliza kwanza kama anaumwa, badala ya kumwambia amezeeka.

Alichukua nyundo ya wenyeji, ya uzito halali. Mnaweza kudhani kwamba sasa mambo yalinyooka. Hayakunyooka. Mwili uliozoea kilo nane haukujua la kufanya na kitu chepesi. Mrusho wa kwanza alizunguka kwa kasi ambayo hajawahi kuwa nayo, akaiachia mapema, ikapiga wavu wa kinga. Mrusho wa pili ulikwenda mbali, mbali kuliko nilivyowahi kuona kwa macho yangu, nikasimama. Lakini uliangukia nje ya mstari wa kulia, na bendera nyekundu ikapanda. Katika mrusho wa tatu aliogopa. Alizunguka polepole kama anayebeba mayai, nyundo ikaangukia ndani, wakapima: arobaini na tisa na sentimeta themanini na mbili.

Waliosonga mbele walikuwa nane. Yeye alikuwa wa tisa.

Kiongozi wetu alikuwa ameshaandika. Nilisoma juu ya bega lake: "Umri umemtupa." Nilimweleza habari ya mizani kwa mpangilio wote, kwa ushahidi, na mkaguzi akiwa shahidi. Alisikiliza akifunga kalamu.

"Mwalimu, chuma ni chuma. Kila anayeshindwa ana hadithi ya kifaa."

Sikuwahi kumjibu mtu mzima nilivyomjibu yeye. Nilimwambia kwamba kama nafasi ya shemeji yake ingepewa nyundo moja halali ipelekwe Mwanza, leo asingekuwa na cha kuandika. Mabula alinivuta kwa mkono wa shati, kama mtu anavyomvuta mdogo wake kwenye ugomvi wa baa.

Mkaguzi alitusubiri mpaka watu wakatawanyika. Kisha, bila kuombwa, alitukabidhi ile nyundo ya wenyeji, akachukua futi ya utepe, akasema turushe mpaka mwili ukumbuke. Mabula alirusha mara kumi na moja. Nne za mwanzo sitazitaja. Ya nane iliangukia ndani, meta hamsini na mbili. Ya kumi na moja ikavuka hamsini na tatu. Mzee alimwita kiongozi wetu, akamshikisha ncha ya futi asome mwenyewe. Akasoma. Akasema mrusho huo hauwezi kuingia katika matokeo, na hapo alisema kweli. Lakini mbele ya mzee yule hakuweza kukataa jambo jingine. Alikubali kwamba ikiwa Mabula atapita hamsini nyumbani, kwa nyundo iliyothibitishwa, na umbali ukapimwa na watu watatu ambao si ndugu zake wala si mwalimu wake, atalipeleka jina lake kwenye kamati kabla orodha haijafungwa. Nilimwomba aandike. Aliandika nyuma ya karatasi ile ile.

Mwaloni

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu na sikuiona. Nilikuwa nikitunga hotuba. Nilikuwa nimegundua wizi, na nilikuwa naurudisha Mwanza kama mtu anayebeba moto. Niliwawaza wavuvi wa Mwaloni, miaka yote wakipunjwa bila kujua, na mimi nikiwa wa kwanza kuwafumbua macho.

Tulipofika Mkolani, Mama Kulwa alikuwa anageuza mapanki juani. Alinyoosha mgongo. Hakumsalimu mumewe, alinitazama mimi.

Nilimwambia, "Hajaisha. Mimi ndiye niliyekosea. Nyundo ilikuwa nzito kupita kiasi, kwa sababu mizani tuliyopimia inadanganya."

"Mlipimia wapi?"

"Mwaloni. Ile nyeupe ya kiwanda."

Aligeuza panki moja lililobaki. Kisha akasema, taratibu, kama anayezungumza na mgonjwa:

"Mwalimu, ile inakata maji."

Sikuelewa. Akaeleza. Wakala, kwa madai kwamba samaki huja na maji na barafu, ameurudisha mshale nyuma. Kila kilo kumi unazopeleka, inasoma tisa. Hakuna aliyefichwa. Mvuvi anajua, mchuuzi anajua, hata yeye anayenunua mifupa anajua. Inaitwa kukata maji, na ilikuwapo tangu siku ya kwanza kioo kile kilipofika.

"Miaka miwili nimemwona akirudi na uchovu," alisema. "Kila siku napita pale na ndoo yangu. Hakuna aliyeniuliza mpime wapi."

Mabula aliketi juu ya ndoo iliyogeuzwa. Alianza kucheka, kicheko kirefu kisicho na furaha wala uchungu, na mwisho mkewe naye akacheka. Mimi sikuweza.

Kesho yake nilikwenda Mwaloni nikiwa nimeishika nyundo mkononi. Niliiweka juu ya ile mizani nyeupe, mshale ukasimama kwenye kilo saba na robo, nikamwuliza karani wa wakala:

"Chuma kina maji gani?"

Alishangaa kwa dhati. "Lakini mwalimu, mizani haijui kama hicho ni chuma. Imewekwa kwa samaki."

Wavuvi walikusanyika, na miongoni mwao nilimtambua yule aliyesema kwa Kisukuma siku ile. Nilimwuliza kwa nini hakutuambia. Alijibu bila ubaya wowote. "Tulidhani umeshapiga hesabu. Wewe ni msomi."

Hotuba yangu yote iliishia hapo. Nilikuja kuwafunulia siri watu ambao hawakuwa na siri. Wizi ule umesimama mchana kweupe, una jina, na watu wameshaupangia maisha yao kuuzunguka, kama wanavyozunguka shimo la barabarani. Nilimwuliza yule mvuvi kama sangara aliyekwisha kukaushwa juani naye hukatwa maji. Akasema ndiyo, hukatwa. Nikawauliza kwa nini wanakubali. Mmoja akasema ukilalamika, kesho samaki wako hawapokelewi, wanakuozea. Hakuna aliyecheka tena. Ile mizani ya ushirika iliyokuwa upande wa pili haipo, imeuzwa kama chuma chakavu. Yule mzee mlinzi sikumwona, na sikupata nafasi ya kumwomba radhi.

Yapo mambo ya mizani hiyo nitakayoyafuatilia kwa barua, na barua ya kwanza imekwisha kupelekwa kwa wanaohusika na vipimo. Sitawachosha nayo hapa. Nina jambo moja la karibu zaidi.

Masalu amelitoboa tena lile ganda na kupunguza risasi. Tumeipima nyundo kwa mawe yenye mhuri wa serikali, na cheti tunacho. Mama Kulwa amemwandikia kaka yake Misungwi kwamba wasubiri kwanza. Hakuandika kwamba hawaji. Mabula anarusha kila jioni, na mwili unakumbuka. Jana alifikisha hamsini na moja, lakini aliyeshika futi ni mimi, na kipimo changu hakihesabiwi. Baada ya yote niliyoyaeleza, naona ni haki kisihesabiwe.

Nahitaji watu watatu. Wasiwe ndugu zake, na waje na akili ya kupima, siyo ya kushangilia. Akirusha arobaini na tisa, waandike arobaini na tisa. Jumamosi ijayo, saa kumi jioni, nyuma ya shule yetu. Naomba mje mshike futi, na mtie majina yenu kwenye karatasi.